Usingizi wa Pono

Saa nne usiku, Umoja, ghorofa ya tatu.
Nimechomoa chaja. Daftari la miraba liko magotini.
Asilimia mia moja, naandika. Kioo nimekizima.
Hakuna wa kuigusa hadi kuche.

Simu hii si ya kila mtu. Ndani ina Linux,
mgongo wake hufunguka kwa ukucha,
betri ikateleza nje kama kipande cha sabuni.
Wambua wa Luthuli alinionya akihesabu noti:
"Itakutii kwa kila kitu. Ila jioni haifiki."

Usiku wa kwanza zimekwenda arobaini na mbili,
na hakuna aliyepiga, hakuna aliyeandika.
Zimekwenda wapi? Nani kazila?
Chovya chovya humaliza buyu la asali,
basi nikakesha nimvizie mchovyaji.

Nikafisha mwanga wa kioo ukawa wa kibatari.
Nikaifuta ile programu ya hali ya hewa
iliyokuwa ikiuliza kila robo saa
kama Nairobi kuna mvua,
na dirisha lipo.
Asubuhi: thelathini na nane zimekwenda.
Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano nikaunganisha kipimo cha umeme,
tarakimu nyekundu zikipumua gizani.
Imelala. Imelala. Kisha, ruka!
Kila dakika mbili simu inashtuka,
inainua kichwa, inauliza: mnara uko wapi?
Mnara uko palepale, juu ya jengo la jirani,
taa yake naiona kutoka kitandani.
Inauliza tena,
kama mtu anayepita River Road na kodi mfukoni,
kila hatua anajipapasa.

Usingizi huo naujua. Mimi pia hulala hivyo
mwezi unapokaribia kuisha.

Nikafungua faili, nikafuta mstari, nikaandika mwingine.
Lala, nikaiambia. Lala usingizi wa pono.
Na asubuhi, tisini na sita!
Nikaipigia mstari mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi,
nikatoka na daftari nitafute wa kumwonyesha,
nikamkuta Mutheu ameketi ngazini.

Dadangu, muuguzi wa zamu ya usiku,
koti limemgandama, viatu amevivua.
"Nimekupigia mara kumi na moja."
Leo walimwachia mapema, saa kumi,
na ufunguo wa geti ninao mimi.
Alisimama mvuani hadi mleta maziwa
alipofunguliwa na watu wa chini.
Hakunifokea. Hilo ndilo lililoniuma.
Alilichukua daftari kwa vidole vyenye baridi.
"Tisini na sita," akasoma. "Hongera."

Siku nne nikabishana na mstari mmoja:
lala, ila ukiitwa, amka.
Ni rahisi kumwambia mzazi,
ambaye radi haimgutushi
lakini mtoto akigeuka tu, yuko macho.
Simu haina mtoto. Ilibidi niifundishe
waya upi wa kuusikiliza na upi wa kuupuuza,
na mara mbili ikafa kabisa mikononi mwangu,
nikaifufua kwa kuing'oa betri.

Jana nilimwomba apige kutoka wodini.
Saa tisa na dakika saba. Kimya.
Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne,
na kioo kikawaka, jina lake likatetemeka mezani.
"Imeamka?"
"Imeamka."
Nyuma yake kitoroli kilipita kikilia gurudumu,
mtu akaomba maji.
"Haya, lala basi," akasema,
sijui akiniambia mimi au simu.

Asubuhi, themanini na tisa.
Nimezitoa kwa tisini na sita, zimebaki saba.
Sikuziweka kwenye safu ya hasara.
Nimefungua ukurasa wa matumizi ya nyumba,
na chini ya maziwa, chini ya tokeni za stima,
nimeandika: geti, saba.